Umbo la ndani ya fuvu si ubongo

Mwanafunzi akishika umbo la silikoni (mpira unaomiminwa ukiwa majimaji kisha hukauka) lililotolewa ndani ya fuvu, utamsikia: "Kumbe ubongo ndio huu!" Nimechoka.

Silikoni hufuata ukuta wa mfupa. Kati ya ukuta huo na ubongo wa mtu aliye hai kuna tando, maji na mishipa ya damu, na nafasi yao yote imo kwenye umbo hilo. Lipeleke dirishani ulitazame ubavuni: mistari inayotawanyika kama matawi ni alama za ateri za tando, si mikunjo ya ubongo. Mikunjo yenyewe kwa mtu mzima huonekana kwa shida, afadhali kidogo upande wa chini mbele, juu ya macho. Kwa hiyo anayekugusia kwa kidole "eneo la lugha" kwenye fuvu la kale, mdai ushahidi. Umbo la mtoto wa Taung, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, lilijiunda lenyewe kwa mchanga na chokaa vilivyojaa fuvuni, tena ni zuri ajabu. Hata hivyo wataalamu wamebishana miongo kadhaa kuhusu mfereji mmoja tu wa nyuma. Cha kutegemewa zaidi ni ujazo wa nafasi ya ndani ya fuvu. Zinjanthropus wa Olduvai, naye wa ukoo huo wa kale, aliyepatikana mwaka 1959, alikuwa na mililita 500 na ushei. Sisi wastani wetu ni kama 1,350.

Kuhusu kutengeneza umbo hilo, wengine huniuliza: "Si unamwaga jasi tu?" Jasi ikishaganda haitoki mpaka uvunje fuvu. Ziba matundu madogo kwa udongo, mimina silikoni kidogo kupitia tundu kuu la chini, zungusha fuvu, rudia. Usijaze pomoni, tafadhali! Ganda jembamba hukunjika na kuvutika nje. Sikio la ndani ni habari nyingine: huingizwa resini, kisha mfupa huyeyushwa kwa asidi, na mfupa huo ndiyo basi tena.

Sinasi nazo, yaani mapango ya hewa kwenye mifupa ya uso, hazifunguki ubongoni, hufunguka puani. Umbo la sinasi ya shavu lina kishina chake, yaani alama ya tundu lake la kutokea, juu, karibu na dari, ndiyo maana uchafu hautoki kwa kutiririka tu.

Eti skani ya CT, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, imetumaliza sisi wamiminaji? Kwa kisukuku (mfupa wa kale uliogeuka jiwe) dhaifu, piga skani. Sikubali mtu amimine chochote humo. Mafuvu ya kufundishia nitaendelea kuyamiminia.