Je, wajua kwa nini Kariakoo inaitwa Kariakoo?

Siku ya Idi mjini Unguja, mtoto akishavaa nguo mpya na kupewa chochote mkononi, anataka apelekwe Kariakoo kwenye mapembea. Jina hilo analolitaja kwa furaha lilizaliwa vitani.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia viliikuta Zanzibar chini ya Waingereza, na bara ya ng'ambo ya pili chini ya Wajerumani. Unguja iliviona mapema: alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia Pegasus ya Waingereza iliyokuwa bandarini ikitengenezwa, ikaizamisha.

Lakini vita vyenyewe vilipiganwa bara, na shida yake kubwa ilikuwa kumfikishia askari chakula na risasi porini. Barabara za magari zilikuwa chache mno, reli zikiishia mbali, na farasi, ng'ombe na punda wakifa kwa ndorobo. Kikabaki kichwa cha mtu. Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi, wakakiita Carrier Corps. Hilo neno la pili, Mwingereza haitamki p wala s, na r yake hupotea mdomoni. Mswahili akasikia "Kariakoo". Nairobi ile r ilibaki, ndiyo maana kule wana Kariokor. Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916, wapagazi walipiga kambi pale penye soko la leo.

Zanzibar nayo ilitoa watu wake, na hapa ndipo panaponiuma. Upagazi visiwani ilikuwa kazi ya watu wanaojijua. Karne ya 19 misafara ya bara iliajiri wapagazi Unguja. Mtu akipatana ujira wake, akatangulizwa sehemu, akaondoka nyuma ya kirangozi, kiongozi wa msafara, kwa nyimbo. Vita vikamtundika kibati cha namba shingoni, vikamtwisha kilo 25 hivi, vikamlisha unga ambao mara nyingi haukuiva. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, malaria na kichomi. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, walikufa zaidi ya 40,000 katika Afrika Mashariki nzima.

Kisiwani Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, wamelala mabaharia wa Pegasus, na makaburi yao yanatunzwa. Mpagazi alizikwa alipoangukia. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa maandishi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama pale juu ni mwenye bunduki.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Miongoni mwa hoja za wakoloni ilikuwa kwamba Mwafrika hangeelewa thamani ya jiwe la kaburi. Jiwe si hoja. Mtu wa kwetu hutaka kujua mwanawe kafia wapi na lini, amsomee hitma.