Hiyo kushoto ni ya mgonjwa

"Mbona ini liko kushoto? Mmegeuza picha!" Juzi kasema ndugu wa mgonjwa, kainua filamu ya CT scan (picha za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) dirishani hapa Mbeya, jua linapenya katikati ya mbavu. Huyo nilimwelewa. Jana kasema hivyo hivyo daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Jamani.

Msingi mnaujua, napita haraka. Mwili tunauchukulia umesimama, viganja mbele, hata kama mwenyewe kaletwa na machela. Mkato wa sajitali unatenga kulia na kushoto, koronali mbele na nyuma, mkato wa mlalo juu na chini. Waliofika kwenye viwanda vya mbao Mafinga wameshaona: paini ikikatwa kwa kukingama inatoa duara lenye pete, ikipasuliwa kwa urefu inatoa ubao, na gogo ni lile lile.

Sasa hiyo kushoto. Picha ya mlalo ya CT scan husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, unatazama kuelekea kichwani. Nenda wodini ukasimame hapo. Mkono wake wa kulia uko upande wako upi? Basi ini, ambalo kwa watu karibu wote liko kulia, litaonekana kushoto kwenye filamu, bandama kulia, uti wa mgongo chini. Koronali nayo ni kama mmesimama mnatazamana.

Na tafadhali, msitafute upande kwa kuangalia ini. Wapo watu wachache ambao viungo vyao vimegeuka kweli tangu kuzaliwa, hao utawakosea. Pembeni kuna herufi R (kulia kwa mgonjwa) au L (kushoto kwake). Isome kabla hujaandika "figo ya kushoto" kwenye fomu ya upasuaji.

Halafu hatumpigi mgonjwa picha mara tatu ili kupata mikato mitatu. Mashine inachukua vipande vyembamba vya mlalo, kompyuta inaunda sajitali na koronali kutoka humo humo. Mionzi haiongezeki.

Ila nami kuna pa kukuna kichwa. Mgongo uliopinda kwenda pembeni, mstari wa katikati upite wapi? Koronali ya bega tunaiinamisha ifuate mfupa wa bega, mwili tunausahau, na jina halibadiliki. Wayo ndio balaa: umekaa nyuzi 90 na mguu, hivyo mkato mmoja huyu anauita koronali, yule mlalo, na wote wana hoja. Kwa picha za wayo daktari aniandikie tu anataka kuona mfupa gani. Jina la mkato nitahangaika nalo mwenyewe.