Kabla ya kuilaumu mashine ya sukari, angalia kikopo cha stripu

Malalamiko kuhusu mashine za kupimia sukari nyumbani yameongezeka, na mengi yanafanana: “Nyumbani nilipata 8, hospitali wakaniambia 9, mashine mbovu.” Sisi wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) tukizikagua mashine hizo, mara nyingi ni nzima. Kazi yake ni kusoma mkondo wa umeme tu. Kinachopima ni stripu, kile kipande chembamba unachokiwekea tone la damu, na stripu ina masharti yake.

Ndani ya kile kipande cha plastiki kuna elektrodi (njia za kupitisha umeme) za kaboni, dhahabu au paladi, zilizopakwa kimeng'enya kinachoitambua glukosi, yaani sukari ya damu, pamoja na kemikali ya kubeba elektroni, mara nyingi ferisianidi. Kimeng'enya huchukua elektroni kwenye glukosi, ferisianidi huzipeleka kwenye elektrodi, mashine hupima mkondo. Elektrodi tupu ingehitaji volteji kubwa zaidi, na kwa volteji hiyo vitamini C, asidi ya yuriki na hata paracetamol uliyomeza asubuhi vingetoa umeme wake, ukahesabiwa kuwa ni sukari. Kupaka kunapunguza sana tatizo hilo, ingawa hakulimalizi.

Watafiti wamekwenda mbele zaidi kwa polima zinazopitisha umeme, kama polipiroli na polianilini, ambazo hukishikilia kimeng'enya juu ya elektrodi. Plastiki za aina hiyo, zilizotangazwa 1977, ndizo zilizowapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Baadhi ya sensa za kubandika mkononi, zinazokaa hadi siku 14, hutumia polima ya jamii ya jirani yenye metali ya osimiamu. Hizo bado ni ghali kwa wengi wetu. Stripu ya duka la dawa ni ile ya kupakwa, na adui yake mkubwa ni unyevu.

Hapo ndipo tunapogombana na wananchi. Mtu anafungua kikopo cha stripu 50, anazigawa kumi kumi kwenye mifuko ya nailoni na kuziuza. Tunaelewa kwamba kikopo kizima ni bei. Lakini kikopo kina kemikali ya kunyonya unyevu. Mfuko wa nailoni hauna. Kwa hewa ya Tanga au Dar es Salaam, ferisianidi huanza kubadilika hata kabla ya kuona damu, na namba inapanda bila sukari kupanda. Kimeng'enya nacho kikichoka, namba inashuka. Hutajua kosa limeelekea wapi, na mgonjwa wa insulini anajichoma sindano kwa kuifuata namba hiyo. Kuziweka kwenye friji si dawa pia, labda kama maelekezo ya mtengenezaji yanasema hivyo. Stripu nyingi zinataka mahali pakavu, chini ya nyuzi 30.

Kwa wauzaji: Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, inawahusu. Kuuza kifaa tiba kisichosajiliwa au kilichopita muda wake ni kosa. Bidhaa zinaweza kukamatwa na kuteketezwa, na mhusika akafikishwa mahakamani. “Nilizikuta dukani hivyo hivyo” si utetezi. Stripu iliyotolewa kwenye kikopo imepoteza namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa hiyo hata mwenye duka hawezi kuthibitisha anachouza.

Sasa lile la 8 na 9. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau majibu 95 kati ya 100 yasipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapofika 5.55 mmol/L (kipimo kile kile cha 8 na 9) au kuzidi. Chini ya hapo, yasipishane kwa zaidi ya 0.83. Maabara ikisema 9, mashine inayosoma 8 iko ndani ya kiwango. Wengine hupima nyumbani kabla ya chai, wakapima hospitali baada ya chapati, kisha wakaja kulalamika. Hilo hatuwezi kulitengeneza.

Ukitaka kulinganisha kweli, nenda ukiwa hujala. Nawa kwa sabuni, ukaushe mikono. Kidole kilichomenya embe kinapandisha namba. Choma pembeni mwa kidole, usikikamue. Pima, kisha utolewe damu ya mshipa dakika hiyo hiyo. Mwombe mtaalamu asiiache sampuli mezani, kwa sababu seli za damu zinaendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Mwenye upungufu wa damu, wakiwemo watoto waliotoka kwenye malaria kali na baadhi ya wajawazito, aseme mapema: mashine nyingi humpa namba ya juu kuliko ilivyo.

Yapo pia maji ya kontroli, yaani ya kujaribia mashine na stripu, yanayouzwa kwa ajili ya mashine yako. Weka tone kwenye stripu badala ya damu, soma namba, linganisha na kiwango kilichochapishwa kwenye kikopo cha stripu hizo hizo. Ikitoka nje ya kiwango, rudia kwa stripu nyingine. Ikitoka tena, acha kutumia kikopo hicho na utoe taarifa kituo cha afya au ofisi ya kanda ya TMDA. Njoo na mashine, kikopo chenye lebo yake, stripu zilizobaki na risiti. Bila kikopo hatuna namba ya toleo, na uchunguzi hauna pa kuanzia.