Marekani Haina Tume ya Kumtangaza Rais, na Dhana Nyingine Zinazochosha

Kila uchaguzi wa Marekani ukifika, swali ni lile lile: "Tume yao imeshatangaza?" Haijatangaza wala haitatangaza, kwa sababu haipo. Swali hili lilijibiwa 2016, likajibiwa 2020, likajibiwa tena 2024, na 2028 litarudi kama lilivyo.

Dhana: Kuna tume ya taifa inayomtangaza mshindi

Mkenya amezoea kumwona mwenyekiti wa IEBC akisoma matokeo ya Fomu 34C. Mtanzania humsubiri mwenyekiti wa INEC. Basi watu hudhani Washington nako yupo mtu wa namna hiyo. Hayupo. Ile Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi ambayo wajuaji hupenda kuitaja inasimamia fedha za kampeni: nani kamchangia nani, na kiasi gani. Haihesabu hata kura moja.

Uchaguzi wa rais ni chaguzi 51 zinazofanyika siku moja, yaani za majimbo 50 na Wilaya ya Columbia, na kila moja ina sheria zake. Kazi nzito hufanywa ngazi ya chini, na sehemu nyingi ngazi hiyo ni kaunti. Vituo vikishafungwa, maofisa hulinganisha idadi ya wapiga kura waliofika na kuandikwa kituoni siku hiyo na idadi ya karatasi zilizopita kwenye mashine. Zikipishana hata kwa tatu, lazima ijulikane kwa nini: pengine mtu alipewa karatasi akaondoka nayo, au karatasi iliyokwama ilipitishwa mara mbili. Kisha zinakuja kura za wanajeshi walio ng'ambo, na kura za masharti, zile za watu ambao sifa zao zilikuwa na utata kituoni na lazima zichunguzwe kwanza. Hayo yote huchukua siku, mara nyingine wiki. Baada ya hapo kaunti inathibitisha, jimbo linajumlisha na kuthibitisha, na gavana anatia sahihi hati yenye majina ya wajumbe wa uchaguzi walioshinda, yaani watu wanaompigia rais kura rasmi kwa niaba ya jimbo.

Mwaka 2020 Georgia ilithibitisha matokeo yake tarehe 20 Novemba, Arizona tarehe 30. Wajumbe walipiga kura tarehe 14 Desemba, kila kundi likiwa katika jimbo lake. Wajumbe wote 538 hawakai ukumbi mmoja hata siku moja, ingawa picha hiyo imewaganda wengi. Biden alipata 306, Trump 232. Hati zao zikafunguliwa mbele ya Bunge la Congress tarehe 6 Januari 2021, siku ambayo umati ulivamia jengo, na shughuli ikamalizika usiku wa manane kuamkia tarehe 7.

Anayefungua bahasha hizo ni makamu wa rais, kwa cheo chake cha rais wa Seneti. Hapo ndipo Trump alipombana makamu wake, Mike Pence, azikatae kura za baadhi ya majimbo. Pence alikataa, akisema Katiba haimpi uwezo huo. Mwaka 2022 Congress ilitunga sheria kuliweka hilo wazi kabisa, na ikapandisha kiwango cha pingamizi: zamani ilitosha seneta mmoja na mwakilishi mmoja, sasa inahitajika moja ya tano ya kila chumba. Kwa utaratibu huo huo Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais, alisimamia kikao cha tarehe 6 Januari 2025 na kusoma kushindwa kwake mwenyewe, kura 226 kwa 312 za Trump.

Sasa, wale "waliotangaza" kwenye televisheni ni waandishi wa habari. Shirika la Associated Press limekuwa likifanya kazi hiyo tangu 1848, na kanuni yake ni kutaja mshindi pale tu anayefuata anapokuwa hana tena njia ya kumfikia. Mara nyingi huwa sahihi sana, ila tamko lake halina nguvu yoyote ya kisheria. Anayebisha na auangalie usiku wa tarehe 7 Novemba 2000: wagombea walikuwa Al Gore na George W. Bush, na vituo vya televisheni vilimpa Gore ushindi wa Florida, vikamnyang'anya, vikampa Bush, vikamnyang'anya naye. Gore alimpigia Bush simu kumpongeza, kisha akampigia tena kufuta pongezi zake. Sheria haikujali simu ya kwanza wala ya pili. Florida iliamuliwa kwa tofauti ya kura 537, na kesi ikaishia Mahakama ya Juu tarehe 12 Desemba. Kwa hiyo hata ile "amekataa kukubali kushindwa, itakuwaje?" haina uzito wa kisheria. Muhula wa rais unakwisha tarehe 20 Januari saa 6 mchana, akubali asikubali.

Dhana: Kura zilizoingia usiku wa manane mwaka 2020 zilikuwa za wizi

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza. Kura ya posta ina hatua ambazo kura ya kituoni haina: kukagua bahasha ya nje na sahihi yake, kufungua, kutoa karatasi, kuinyoosha kwa kuwa ilikunjwa, ndipo ipite kwenye skana. Mwaka 2020 sheria za Pennsylvania na Wisconsin zilikataza kuanza kufungua bahasha kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi. Pennsylvania mwiko ulikuwa hadi saa 1 asubuhi, nayo ilikuwa na zaidi ya kura milioni mbili za posta zikisubiri. Trump alikuwa amewaambia wafuasi wake wasiiamini posta, Wademokrati wakaitumia kwa wingi. Sasa kura za nani zingehesabiwa mwisho?

Jiji la Milwaukee, Wisconsin, huhesabia kura zake za posta mahali pamoja, kisha matokeo yanapelekwa kwa mkupuo. Yalipofika mwendo wa saa 9 usiku, zikiwa kura karibu 170,000, mstari wa Biden kwenye grafu ukaruka juu, na picha ya mstari huo bado inazunguka WhatsApp. Florida ilikuwa kinyume. Sheria yake inaruhusu kushughulikia kura za posta mapema, zikatoka kwanza, Biden akaanza akiongoza, kisha Trump akampita. Hakuna aliyeuita huo wizi.

Georgia ilihesabu upya kwa mkono karibu kura milioni 5, na mshindi akabaki Biden. Katika kaunti ya Maricopa, Arizona, kampuni iliyokodiwa na Seneti ya jimbo iliyoshikwa na Republican ilihesabu upya 2021, ikamwongezea Biden kura 99 na kumpunguzia Trump 261.

Ushauri wangu ni ule ule: achana na "asilimia ya kura zilizohesabiwa". Uliza zimebaki kura gani, za kaunti gani, na sheria ya jimbo iliruhusu zianze kufunguliwa lini.

Nyingine, kwa haraka

"Hillary Clinton alipata kura nyingi zaidi, kwa hiyo aliibiwa." Alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 mwaka 2016, na akashindwa kihalali. Kinachohesabika ni wajumbe 270, yaani zaidi ya nusu ya wale 538. Katika Michigan, Wisconsin na Pennsylvania alizidiwa kwa jumla ya kura zisizofika 80,000. Mfumo huo unaweza kuuchukia, lakini ulijulikana kabla ya mechi.

"Bill Clinton, yule mume, aliondolewa na Bunge." Baraza la Wawakilishi lilimfungulia mashtaka Desemba 1998, Seneti ikamwachia Februari 1999, naye akamaliza muhula. Trump alishtakiwa mara mbili na kuachiwa mara mbili. Ya pili maseneta 57 kati ya 100 walipiga kura ya kumtia hatiani, wakati inahitajika theluthi mbili. Nixon ndiye hakushtakiwa kabisa: alijiuzulu Agosti 1974 kabla Baraza zima halijapiga kura.

"Mahakama ya Juu ilipiga marufuku utoaji mimba Marekani nzima." Hukumu ya tarehe 24 Juni 2022 iliondoa ulinzi wa kikatiba uliokuwepo tangu 1973 na kuwarudishia wabunge na wapiga kura uamuzi. Majimbo mengine yakapiga marufuku, mengine yakailinda haki hiyo. Kansas, jimbo la kihafidhina, ilipiga kura Agosti mwaka huo na kukataa kuiondoa haki hiyo kwenye katiba yake.

Na hii ya kwetu, ambayo wengine huisema kwa fahari: "Obama kazaliwa Kenya." Baba yake ndiye wa Kenya. Yeye alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na magazeti mawili ya huko yaliandika habari ya kuzaliwa kwake mwezi huo huo.