Namba E haikwambii umri wa Noah

Wiki iliyopita alinipigia simu mwalimu mmoja wa Rungwe ambaye nimeshamtengenezea pikipiki mara kadhaa. Tulipomaliza kusalimiana akasema, "Fundi, nimepata Toyota Noah. Ni namba E, bado mpya kabisa. Naomba uje uiangalie kidogo kabla sijatoa hela." Namba E ni ile ambayo herufi zake tatu zinaanza na E, iliyotoka baada ya A, B, C na D. Nikamuuliza imetengenezwa mwaka gani. Kimya. Nikamuuliza injini ni ipi. Akanijibu kama mtu anayeona sijamsikia vizuri: "Fundi, nimekwambia ni namba E."

Nilikwenda Mwanjelwa kuiona. Rangi inang'aa, tairi zimepakwa dawa, ndani kunanukia manukato. Nikafungua mlango wa dereva, nikauvuta mkanda wa siti mpaka mwisho. Kule chini kabisa, karibu na sakafu, pameshonwa kilebo kidogo ambacho wauzaji wengi hawakijui. Nikampa mwalimu tochi asome mwenyewe. Mwaka 2003. Alisoma mara mbili. Gari lina zaidi ya miaka ishirini, na yeye alikuwa anataka kulilipia bei ya gari la miaka kumi na kitu, kwa sababu tu ya herufi moja kwenye kibao cha njano.

Sikatai kwamba nimechoka. Jambo hili nalisikia kila wiki, kutoka kwa watu waliosoma na wasiosoma, na wengi wananiita wakiwa wameshalipa. Kwa hiyo leo nalisema lote.

"Namba mpya, gari jipya"

Herufi kwenye namba inakwambia kipindi gari lilipoandikishwa Tanzania. Basi. Gari lililotengenezwa 2003 likakaa Japani miaka yote hiyo, likashushwa bandarini Dar es Salaam juzi, litapewa namba ya juzi. Gari lililotumika miaka kumi kwenye mradi likiwa na namba za mradi, likauzwa mnadani, nalo linapewa namba ya raia inayotoka siku hiyo. Na kuna Noah ya 2010 iliyoingia ikiwa bado kijana, ikapata namba C, ikatunzwa na familia moja Iringa mjini. Hiyo madalali wanaiita ya zamani, na ile ya 2003 wanaiita mpya. Bei inafuata herufi, injini haina habari na herufi.

Naelewa herufi inatoka wapi. Ndiyo kitu pekee unachokiona ukiwa mbali, na jirani naye anakiona. Mtu akiingiza namba E uani kwake, mtaa mzima unajua amenunua gari jipya. Lakini familia haipandi herufi kwenda Tukuyu na watoto sita nyuma.

Umri wa kweli umeandikwa sehemu nyingi. Kadi ya gari ina mwaka wa kutengenezwa. Isome kadi yenyewe, si picha uliyotumiwa kwenye simu. Kilebo cha mkanda nimeshakitaja. Kisha fungua boneti utafute kibati cha chuma chenye maandishi, usome herufi na tarakimu za mwanzo za chasisi. Hizo ndizo ninazotaka uniambie ukinipigia, kabla ya rangi, kabla ya kilomita, kabla ya namba.

Zikianza na SR40 au SR50, hiyo ni Noah ya zamani, ya 1996 hadi 2001, injini imelala chini ya siti za mbele. SR40 inasukumwa na tairi za nyuma, SR50 inavuta tairi zote nne. Ya petroli inabeba 3S, injini ngumu, na karibu kila fundi kuanzia Mafinga hadi Tunduma anaijua. Zikianza na AZR60, ni ya 2001 hadi 2007, injini 1AZ-FSE, ile watu wanayoiita D4, ambayo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. ZRR70 ni ya 2007 hadi mwanzoni mwa 2014, injini ya familia ya 3ZR, giaboksi CVT, yaani ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Tarakimu ya mwisho ikiwa 5 badala ya 0 kwenye hizi mbili, yaani AZR65 au ZRR75, gari linavuta tairi zote nne, na kwa mtu wa Makete au Busokelo wakati wa masika hilo ni jambo kubwa kuliko namba E hata kumi.

Unaona sasa kwa nini nakasirika? Magari matatu tofauti kabisa, maradhi tofauti, gharama tofauti, na mnunuzi anayaweka yote kwenye fungu moja kwa sababu ya kibao.

Ile ya mwalimu ilikuwa AZR60. Sikusema ni mbaya kwa sababu ya umri. Nilimwambia kwa injini ile kuna mahali pa kuangalia kwanza. Bloku yake ni ya alumini, na bolti za silinda hedi za upande wa nyuma, ule unaoelekea kwa dereva, nyuzi zake zina tabia ya kukatika ndani ya bloku. Bolti inalegea, gasketi inaachia, kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoza injini, inachuruzika taratibu kwa nyuma ambako huoni ukiwa umesimama. Inabidi uiname na tochi na kioo kidogo. Nilipoangalia nikakuta michirizi iliyokauka, rangi ya waridi iliyochanganyika na nyeupe kama chumvi, imeshuka kutoka kwenye maungio ya hedi. Nikampa mwalimu kioo. Huo ndio umri wa gari lile. Kulitengeneza kunawezekana: unafungua hedi, unatoboa bloku, unaweka nyuzi mpya za chuma. Ni kazi ya siku kadhaa na hela ya kutosha, na muuzaji alikuwa anaongeza kulanti kila asubuhi na kunyamaza.

Liwashwe asubuhi, nikiwa nimesimama pale

Huu si uzushi wa kusahihisha, ni ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke. Gari liangaliwe likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, mwambie muuzaji utarudi kesho, maana kuna kitu amekificha. Injini iliyochoka inasema ukweli ikiwa baridi. Ikishapashwa moto inatulia.

Sisi wa Nyanda za Juu tuna bahati ambayo mtu wa Dar hana. Asubuhi ya Juni au Julai, Uyole au Njombe, baridi inalibana gari mpaka kila udhaifu unatoka: betri iliyokufa, plagi zilizochoka, mnyororo wa injini unaolia sekunde chache kabla oili haijapanda. Tumia baridi hiyo.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta. Likiwa baridi tu, likiwa la moto usiuguse kabisa. Ukikuta maji ya kahawia kama chai ya rangi, gari limeendeshwa kwa maji ya bomba miaka. Ukikuta utando wa mafuta unaoelea, funga mfuniko, shukuru, nenda nyumbani.

Washa ufunguo bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime gari likishaunguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizuia. Halafu ingiza D ukiwa umekanyaga breki. Giaboksi ishike mara moja, bila kusubiri na bila kupiga teke. Kwenye ZRR70, sikiliza mlio unaopanda pamoja na mwendo kama feni inayoanza kuchoka. Waulize pia oili gani iliwekwa kwenye giaboksi. CVT ina oili yake, imeandikwa CVTF. Mtu akikujibu "haidroliki ya kawaida tu, nyekundu ile", umeshapata jibu la giaboksi hiyo.

Baada ya hapo panda barabara ya Chunya kuelekea Kawetire, watu wanne au watano ndani, si wewe na dalali peke yenu. Mlima ule unamaliza maneno. Gari lililochoka rejeta litaanza kupandisha joto kabla hamjafika kwenye miti. Kurudi, shuka Iwambi kuelekea Mbalizi, usikie usukani ukitetemeka au la unapokanyaga breki. Mlima ule umeshaua watu wa kutosha. Breki za gari la familia si za kukisia.

Mengine, kwa ufupi

"Linatoa moshi mweupe, injini imekufa." Huku kwetu asubuhi kila gari linatoa moshi mweupe. Ni mvuke wa maji kwenye bomba, kama pumzi yako mwenyewe saa hiyo. Ukitoka tu unapotea, na dakika chache baadaye unakwisha. Wa kuogopa ni ule unaoendelea injini ikishapata moto, mzito, unaoning'inia hewani na kunukia utamu; hapo kulanti inaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili.

"Limetoka Dar, limefika Mbeya halina nguvu, nimeuziwa bovu." Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari lile lile likirudi Kibaha litakuwa jepesi tena. Kama limepungua kuliko Noah nyingine ya injini ile ile hapa hapa Mbeya, hapo tutafute tatizo.

"Mbeya ni baridi, kulanti ya nini? Weka maji, toa na themostati." Hili nalisikia kwa mafundi wenzangu na linaniuma zaidi. Kulanti inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Na kwa urefu huu maji matupu yakiwa wazi yanachemka chini ya nyuzi 95, si 100. Themostati ndiyo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ukiitoa, injini inazunguka baridi muda mrefu, inamimina petroli nyingi, oili inachafuka upesi. Ukikuta gari halina themostati, uliza lilichemka lini, maana aliyeitoa alikuwa anakimbia kitu.

"Kilomita 78,000 tu." Kilomita za dashibodi zinarudishwa kwa kompyuta ndogo ndani ya nusu saa. Kama muuzaji bado ana cheti cha Japani cha kufutia usajili, kinaonyesha kilomita za ukaguzi wa huko, linganisha. Kama hana, angalia pedali ya breki, ngozi ya usukani, na ukingo wa siti ya dereva. Mpira wa pedali uliolika mpaka chuma kuonekana hauendani na kilomita 78,000.

"Ni gari ya mama, linaenda kanisani na sokoni tu." Safari fupi fupi za baridi zinachosha injini kuliko safari ya Makambako. Na akina mama wanaoendesha vizuri au vibaya wapo kama akina baba. Sihitaji kujua nani aliendesha, nahitaji kujua oili ilimwagwa lini.

"Namba ya njano, halijawahi kubeba abiria." Kibao cheupe cha gari la biashara kinabadilishwa kuwa cha njano, cha gari binafsi. Fungua mlango wa kuslaidi mara kumi. Kwenye Noah iliyobeba abiria vijijini mlango unakwaruza, roli zake zimelika, zulia la mlangoni limechakaa mpaka bati linaonekana, na chini ya siti ya katikati utakuta mashimo ya bolti za siti iliyoongezwa na kuondolewa.

"D4 ni injini mbovu, usiguse." Si mbovu. Inataka petroli safi, inataka kusafishwa masizi kwenye njia ya hewa, na inataka fundi anayejua pampu yake ya presha. Ukikaa kijiji ambako petroli inauzwa kwenye chupa, chukua SR40 au ZRR70. Ukikaa mjini na unamwaga oili kwa wakati, D4 nzima itakubeba.

Yule mwalimu aliiacha ile Noah. Dalali alinuna, akaniita mharibu biashara mbele ya watu. Jana jioni mwalimu akapiga tena. "Fundi, nimepata nyingine, iko Uyole. Chasisi inaanza na ZRR75. Kadi nimeishika, ni ya 2009." Namba hakuitaja mpaka nilipomuuliza. Ni C. Nimemwambia amwombe mwenye gari asiliwashe kabisa usiku huu. Tunakutana kesho saa kumi na mbili na robo.