Shahada ya uzamili ya usimamizi wa usalama wa mtandao: neno linalorukwa ni usimamizi

Jina la shahada hii ni refu, na wengi husikia neno moja tu ndani yake: mtandao. Humwona mhitimu kama fundi wa kukesha akipambana na wadukuzi, macho kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Wapo wanaojiandikisha kwa picha hiyohiyo, kisha muhula wa kwanza unawapokea na somo la sheria, somo la tathmini ya hatari na zoezi la kuandika sera ya kurasa sita. Manung'uniko huanzia hapo. Wangeanza na neno usimamizi wangejua mapema wanakoelekea.

Uzamili wenyewe hauna siri. Ni ngazi inayofuata shahada ya kwanza na kutangulia uzamivu. Uingereza kwa kawaida humalizika kwa mwaka mmoja wa masomo ya muda wote, krediti 180, na 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Kwingineko Ulaya programu nyingi huchukua miaka miwili. Aliyefaulu masomo bila kuandika tasnifu mara nyingi huondoka na stashahada ya uzamili, ambayo ni cheti halali ila si kitu kilekile.

Usalama ndio wenye mambo. Kila kozi ya fani hii huanza na nguzo tatu: usiri, ukamilifu na upatikanaji wa taarifa. Chukua faili la mgonjwa. Likisomwa na asiyehusika, usiri umevunjika. Kipimo cha dawa kikibadilishwa kutoka miligramu 5 kuwa 50, usiri unaweza kuwa haujaguswa kabisa, lakini ukamilifu umekwisha na mtu anaweza kufa. Daktari akishindwa kulifungua kwa sababu seva imezimwa, tatizo ni upatikanaji. Hadi hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaelewa. Mwanafunzi wa uzamili anaulizwa swali gumu zaidi: afanyeje nguzo hizo zinapogombana? Ukiweka nywila ndefu inayodai kuingizwa upya kila baada ya dakika tano, wauguzi wa chumba cha dharura watafungua akaunti moja asubuhi na kuitumia wote hadi jioni. Ulitaka kulinda usiri, na sasa hujui tena nani alisoma faili la nani. Fundi atasema wauguzi wamevunja sheria. Meneja anapaswa kuona kwamba sheria yenyewe ndiyo iliyowasukuma.

Mfano unaofundishwa sana, na unaostahili, ni wa Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Mwezi Machi 2017 ulitangazwa mwanya mkubwa katika Apache Struts, programu ambayo kampuni hiyo iliitumia kwenye tovuti zake. Kiraka cha kuuziba kilitolewa palepale, bure. Ndani ya kampuni ilitumwa barua pepe ya kuwataka wahusika wakiweke. Ila orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati, na waliopaswa kuweka kiraka kwenye mfumo ule hawakuipata. Wakapitisha programu ya kukagua mifumo ili kuona wapi mwanya bado uko wazi, nayo haikuona kitu. Mwezi Mei wadukuzi wakaingia. Kulikuwa na kifaa cha kuchungulia data inayotoka, lakini cheti chake cha kidijitali, kinachokiwezesha kusoma data iliyosimbwa (iliyofichwa kwa msimbo), kilikuwa kimeisha muda miezi mingi nyuma, kwa hiyo data hiyo ilipita bila kuonwa na mtu. Siku cheti kilipohuishwa, mwisho wa Julai, dalili zikajitokeza mara moja. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwenda.

Soma tena mlolongo huo ukitafuta tatizo la kiufundi lililokosa ufumbuzi. Halipo. Kiraka kilikuwepo, kifaa kilikuwepo, hata barua pepe ilitumwa. Kilichokosekana ni orodha ya mali za kampuni inayosema nani anamiliki mfumo upi, mtu wa kuulizia kama agizo limetekelezwa, na kalenda ya vyeti vinavyokaribia kuisha. Hayo ndiyo mambo ambayo shahada hii inayashughulikia. Mkurugenzi mkuu aliachia ngazi Septemba ileile, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola zisizopungua milioni 575 kumaliza madai.

Sehemu ya pili ya usimamizi ni fedha, na hapa watu wa kompyuta hutoka jasho. Tuseme shambulio la aina fulani likitokea kampuni hupoteza dola 40,000, na kumbukumbu zinaonyesha hutokea mara mbili kila miaka mitano, yaani 0.4 kwa mwaka. Hasara inayotarajiwa kwa mwaka ni 40,000 mara 0.4, dola 16,000. Muuzaji anakuja na mfumo wa dola 9,000 kwa mwaka, anadai shambulio hilo litatokea mara moja tu katika miaka kumi. Hasara itashuka hadi 4,000. Umeokoa 12,000, umelipa 9,000, zinabaki 3,000. Nunua.

Mwalimu mzuri ataiacha hesabu ubaoni, kisha aulize: ile 0.4 imetoka wapi? Matukio mawili katika miaka mitano ni ushahidi mwembamba mno. Na ile mara moja katika miaka kumi ameisema nani, kama si huyohuyo anayeuza? Darasa hunyamaza. Kwangu mimi dakika hiyo ina thamani kuliko muhula mzima wa kukariri aina za mashambulizi, maana kikao cha bodi kitakuwa hivyohivyo: tarakimu safi mezani, na mtu mmoja anayejua zimejengwa juu ya nini.

Viwango vya kimataifa navyo vinaelekea hukohuko. ISO/IEC 27001, kiwango kinachotumika zaidi duniani kwa mifumo ya kusimamia usalama wa taarifa, katika toleo la 2022 kina orodha ya vidhibiti 93, yaani hatua za ulinzi. Vya kiteknolojia ni 34 tu. Vingine vinahusu mpangilio wa taasisi, watu, na mazingira ya kawaida kabisa kama milango na kufuli. Sheria nazo zinabana: chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 2018, taasisi iliyovujisha taarifa binafsi kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika ina saa 72 za kuijulisha mamlaka inayosimamia ulinzi wa data tangu ilipogundua. Saa 72 zinaisha haraka kama hakuna aliyeamua mapema nani anampigia nani simu.

Swali la nani ampigie nani simu ni la zamani, tena. Novemba 1988 programu iliyojinakili yenyewe ilisambaa na kukwamisha maelfu ya kompyuta katika intaneti changa ya wakati ule. Aliyeiandika, Robert Tappan Morris, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, jambo ambalo wahadhiri hupenda kulikumbusha huku wakitabasamu. Wataalamu wa kuichambua walikuwepo. Kilichowasumbua ni kukosa kituo cha kuwaunganisha, na ndiyo sababu muda mfupi baadaye kikaundwa kituo cha uratibu wa dharura katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Je, ufundi hauhitajiki? Unahitajika, kwa kiwango cha kutodanganywa. Mwanafunzi atasoma mitandao, misingi ya usimbaji na namna ya kusoma kumbukumbu za seva. Hatatarajiwa kutunga programu ya kuvunja mfumo. Anayetaka hilo atafute uzamili wa usalama wa kompyuta upande wa uhandisi. Majina ya shahada hizi huchanganya, vyuo huyabadilisha kufuata soko, kwa hiyo usiamini bango. Soma orodha ya masomo na mada za tasnifu za miaka iliyopita.

Usiichanganye pia na vyeti vya taaluma kama CISSP na CISM. Hivyo hutolewa na vyama vya wanataaluma, hudai uzoefu wa kazi wa miaka 5 kwa kawaida, na lazima uvihuishe. Shahada haikuulizi ulifanya kazi wapi kwa namna hiyo, na haiishi muda.

Mwisho wa masomo ni tasnifu, na hapo hutokea jambo linalowashangaza waliotoka kwenye ufundi. Tuseme unataka kujua ni wafanyakazi wangapi watabonyeza kiungo cha barua pepe ya ulaghai. Kiufundi ni kazi ya mchana mmoja. Lakini huwezi kuituma kabla kamati ya maadili ya chuo haijakuhoji: utawadanganya watu bila ridhaa yao, je, utawaambia lini? Majina ya waliobonyeza yatahifadhiwa wapi, na mwajiri wao akiyaomba utampa? Wengine hukaa wiki kadhaa wakisubiri kibali cha barua pepe moja.