Je, wajua kwa nini kuku haugui kwa vijidudu vinavyotulaza sisi?

Kuku anayeuzwa akiwa hai katika soko la Kalerwe, Kampala, anaweza kuwa na macho maangavu, kilemba chekundu na hamu ya kula, na bado tumboni mwake mkawa na mamilioni ya bakteria wanaoweza kumlaza mtu mzima siku kadhaa kwa kuhara na homa. Yeye hana habari nao. Kwa nini?

Jibu linaanzia kwenye joto. Mwili wa binadamu una nyuzi 37, wa kuku hufika 41 hadi 42. Bakteria anayeitwa kampilobakta hustawi hasa kwenye nyuzi 42, tena hapendi hewa nyingi. Mwishoni mwa utumbo wa kuku kuna vifuko viwili vyenye joto hilohilo, hewa haba na ute mzito. Humo ndimo anamozaliana, na gramu moja tu ya uchafu wa humo inaweza kubeba zaidi ya bakteria 1,000,000. Kwa kuku, kwa kawaida huishia kwenye ute bila kuudhuru sana utumbo. Kwetu sisi hupenya ukuta wa utumbo, mwili nao ukapambana: homa, msokoto wa tumbo, wakati mwingine choo chenye damu. Na mia chache tu hutosha kumwangusha mtu.

Kifaranga hulindwa kwa muda wa kama wiki mbili na kinga aliyoachiwa na mama yake ndani ya yai. Baada ya hapo akiambukizwa mmoja, kinyesi kikaingia kwenye maji ya kunywa, banda zima hufuata upesi. Sikubaliani na wanaosema shida ni ya broila peke yake. Kuku wa kienyeji anayechakura jalalani na kuokota kinyesi cha ndege wengine naye hubeba.

Salmonela, bakteria mwingine anayebebwa na kuku, ana ujanja wake. Aina moja, Enteritidis, hukaa kimya ndani ya kuku mkubwa hadi kwenye mfuko wa mayai, akaingia ndani ya yai kabla ganda halijafunga. Yai la namna hiyo hata ulioshe vipi hutamwondoa. Dawa yake ni moto, kiini kikaiva. Hapa niseme jambo moja, kwa sababu Uganda kila homa yenye maumivu ya tumbo huitwa taifodi: taifodi husababishwa na salmonela wa aina nyingine kabisa, ambaye makao yake ni binadamu. Hatoki kwa kuku.

Sasa bakteria hutokaje utumboni mwa kuku hadi kinywani? Mara nyingi ni pale anapochinjwa na kutayarishwa. Kuku wengi huchovywa katika maji ya moto yaleyale ili wanyonyolewe, na utumbo ukipasuka wakati wa kuutoa, nyama yote huchafuka. Kuku wa luwombo, aliyefungwa kwenye jani la mgomba akapikwa kwa mvuke saa kadhaa, hanitii wasiwasi: nyama ikifika nyuzi 74 hadi ndani, vijidudu hivi hufa. Hofu yangu ni ubao na kisu. Kuku mbichi hukatwa, ubao hupanguswa kwa kitambaa, kisha hapohapo hukatwa nyanya na vitunguu vya kachumbari, ambayo haitaona moto. Hata kumwosha kuku chini ya bomba hurusha matone hadi kwenye vyombo visafi vilivyo karibu.

Siku ya Idi, jikoni kukiwa na kuku watano na wapishi wanapokezana kisu kimoja, kachumbari ikatwe kwanza, ifunikwe, iwekwe mbali, kuku afuate. Akishakatwa, ubao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni. Na kuku aliyeiva asirudishwe kwenye sinia lililobeba nyama mbichi, wala asiachwe mezani tangu mchana hadi usiku, maana salmonela akiingia humo huzaliana vizuri kabisa katika joto la kawaida la Kampala.